Binti Yangu na Mgongano wa Maslahi

Katesh, Hanang,
Mkoa wa Manyara.
9 Agosti 2004

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria
(chuo mnakijua wenyewe).

YAH: KURUDISHIWA BINTI TOFAUTI NA NILIYEMLETA

Ndugu Mkuu wa Kitivo,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mfugaji, jina langu Gidamis, baba wa Letisia, ambaye mlimfundisha sheria miaka minne mkampa shahada mwaka jana. Alipoondoka hapa tulikuwa Mkoa wa Arusha. Aliporudi tulikuwa Manyara, ingawa kijiji hakikusogea hata kidogo. Kwa hilo siwalaumu. Nawalaumu kwa haya yafuatayo, nayo nimeyapa namba kwa sababu nasikia wanasheria mnapenda namba.

1. Nilimleta kwenu akipenda mambo ya maana. Alitaka ofisi yenye feni na kampuni za wageni, ambazo kwa soko huria hili zimejaa kama inzi kwenye maziwa. Rafiki yangu Sulle wa Tumati ana kijana, Renatus, aliyesoma sheria miaka hiyohiyo katika chuo kingine. Leo yuko Dar es Salaam anatetea kampuni ya madini, anavaa tai kwenye joto lile, na amemwezekea baba yake nyumba ya bati. Huyo ndiye aliyesoma. Wangu aliitwa na mawakili wa Arusha, akakataa, akarudi nyumbani na daftari.

2. Daftari lenyewe ni la baraza la wanawake. Kwetu mwanamume akimkosea mwanamke, akina mama hukaa, huamua, humtoza dume jeusi la ng'ombe, na asipolitoa humlaani. Zamani Letisia aliliona baraza hilo kuwa mambo ya kizamani. Mwaka wa tatu sijui mlimfundisha somo gani, akaniandikia kwamba ile ni mahakama. Mahakama isiyo na jengo, wala karani, wala muhuri! Sasa anazunguka boma kwa boma akiandika hukumu za bibi zake, na anasema hiyo ndiyo kazi aliyoisomea.

3. Marehemu kaka yangu aliacha mjane, Fausta, na shamba la mahindi linalopakana na langu. Kwa huruma tu nilisogeza uzio wa miiba hatua chache upande wake, ili apungukiwe na palizi. Wema huo akina mama waliukalia siku mbili nzima, wakanitoza dume.

4. Nikaenda kwa wakili niliyemsomesha. Aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, akanipa kigoda, akasema, "Baba, mimi siwezi kukutetea. Ni mgongano wa maslahi." Ndugu Mkuu, maslahi yake na yangu yamegongania wapi, wakati ada yake ilikuwa ng'ombe wangu? Nimefuga mbwa, sasa ananibwekea mimi, eti kwa kuwa nimekutwa kwenye zizi la jirani.

5. Zamani hukumu ilikuwa ya mdomo, na mtu uliweza kudai hukusikia vizuri. Yeye amewaandikia ukurasa mmoja na nusu, pamoja na sababu za hukumu na nakala yangu. Hata uziwi nimenyimwa.

Kwa hiyo naomba mumwite mumfundishe upya, safari hii sheria za kampuni peke yake. Ikishindikana, nitumieni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aje kunikatia rufaa, maana huyo bado hajafikia somo lile la mwaka wa tatu.

Wasalimie walimu wote na wapishi wa chuo. Mama Letisia naye anawasalimu, ingawa alikuwa miongoni mwa wale waliokaa siku mbili.

Ni mimi mzazi mwenye uchungu,
Gidamis

N.B. Barua hii imekaa ndani wiki mbili kwa kukosa mtu wa kwenda posta. Katikati hapo nililipeleka dume mwenyewe, kisha nikaenda kurudisha uzio. Nilipopima, zile hatua chache zilikuwa arobaini na mbili. Fausta alikuwa anapalilia. Aliniletea maji ya kunywa, nikaona aibu sana. Nimewaza tangu siku ile. Sina mtoto wa kiume, nina mabinti wawili tu. Nikifa, mama yao naye atabaki na shamba, na wadogo zangu wana miguu mirefu kuliko mimi. Letisia peke yake hatawaweza. Tafadhali nitumieni fomu ya mdogo wake, Doris, ya kitivo hichohicho.