Nirudishieni Daksha Wangu

Kingsbury, London
Februari 1975

Kwa Mheshimiwa Meya wa Mji wa Kilimani,

Baada ya heshima zinazokustahiki, mimi ni Bi Mardhiya, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Kingsbury. Mji wako nauita Kilimani kwa kuwa jina lake la Kizungu linanishinda. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nikikasirika Kiingereza hunikimbia. Usihangaike kutafuta mkalimani. Mjini kwako yuko mtu anayekijua, naye ni Daksha wa duka la magazeti. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii na kukusomea, na habari zenyewe ni zake. Namwapisha hapa hapa asipunguze hata neno. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeninyang'anya jirani. Tangu Daksha na mumewe Pravin walipofika kutoka Mombasa, nyumba zetu zilishikana, ukuta mmoja kati yetu. Chai ikiiva niligonga ukuta kwa mchi, naye akaja na bajia zake, tukausengenya mtaa mzima kwa Kiswahili mpaka birika likakauka. Sasa pale amehamia mzee wa Kizungu. Juzi nilisahau, nikagonga. Alinijia mlangoni na fundi wa bomba. Binti yangu Suad nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, kwa hiyo siku hizi naongea na sufuria.

2. Mnajisifia uzee. Daksha ameniletea picha ya ngome yenu ya miaka mia saba, ambayo watu hulipa kuingia. Nimeitazama vizuri. Haina paa! Mimi nimezaliwa katika nyumba ya mawe ambayo hata babu yangu hakujua nani kaijenga, na ukuta wake ulipoanguka hatukukata tiketi. Tuliona haya, tukamwita mwashi. Ninyi miaka yote hiyo mwashi hajapatikana?

3. Kilima chenyewe. Waliojenga huko juu walikuwa wanakimbia maadui. Maadui wamekwisha zamani, Mheshimiwa, teremkeni. Daksha magoti yanamuuma, na ili apate kitunguu inabidi apande ngazi za mawe mpaka sokoni, huko juu kanisani. Bilingani hamjapata kuiona, na binzari mnaiuza katika kichupa kama dawa ya macho.

4. Ukarimu wenu unatia shaka. Siku ya kwanza mji mzima uliingia dukani kuwakaribisha, na Daksha, masikini, akafurahi. Walikuja kutazama! Katika umati wote huo aliyenunua kitu ni mmoja, akanunua kiberiti. Na sasa nasikia akina mama wa kanisa wamemwomba awafundishe kupika bajia. Bajia zile zile za upande wangu wa ukuta. Hili limeniuma kuliko yote.

5. Hewa. Daksha hana barua isiyotaja hewa. Eti kifua cha Pravin, kilichokabwa na moshi wa London, kimefunguka, na ngazi za kanisa anazipanda bila kusimama. Hewa hata Kingsbury ipo, tena ya kwetu ina ladha.

Kwa hiyo naomba Daksha arejeshwe haraka. Ikiwa sheria zenu haziruhusu, basi uleteni mji wote huku, pamoja na ngome. Nyuma ya kituo cha treni pana nafasi. Sisi tulikuja na sanduku moja moja na tukaenea, sembuse ninyi mnaokuja na kanisa lenu. Ngome tutaiezeka.

Nisalimie karani wako, kasisi, akina mama wa bajia, na yule bwana wa kiberiti.

Mimi, kwa adabu zote na hasira zilizobaki,
Bi Mardhiya

Tanbihi, kwa Daksha peke yake. Hii usimsomee.

Shoga yangu, ukuta ule ulikuwa ukinipitishia kikohozi cha Pravin pia. Miaka yote ile sikukwambia. Kikikatika ghafla usiku, nilikuwa nakaa kitandani nangoja kianze tena, nijue yu hai. Sasa niambie kweli, usinifurahishe: analala mpaka asubuhi? Kama analala, barua hii usimpelekee Meya, washia jiko. Bajia wafundishe, na pilipili usiwaonee huruma. Nakupenda, nami nimekukosa sana. Usithubutu kurudi.