Kabla ya Kusema Nasadiki

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mungu, samahani nimechelewa kuandika. Nilikuacha mwezi wa tatu, katikati ya sentensi, siku tuliyorudi kutoka hospitali na shuka la Kulwa bila Kulwa. Tangu hapo sikuwa na neno. Kumkasirikia mtu ambaye huna hakika kama yupo kunachosha kuliko kufua.

Nikupe hali ya hapa. Doto, pacha aliyebaki, ana meno manne na anauma. Jumapili anabatizwa. Kulwa alibatizwa na nesi wodini, maji ya kikombe, haraka haraka. Huyu anapata sherehe.

Leo katekista ametufanyisha mazoezi. Padri atauliza, wazazi tutajibu. Mnamkataa shetani? Namkataa. Hapo sina shida, namkataa hata sasa hivi. Mnamsadiki Mungu Baba? Hapo sauti ikagoma. Nikakohoa. Mume wangu Masele akajibu kwa nguvu za watu wawili. Anatengeneza injini za mitumbwi kule Igogo, hajui kusema polepole. Nikadhani imepita. Katekista akasema, mama, kikohozi si jibu, kila mmoja kwa kinywa chake.

Kudanganya huku nimembeba Doto siwezi. Kuahirisha nako siwezi, mama mkwe yuko njiani kutoka Magu na kuku. Kwa hiyo kufika Jumapili lazima nijue kama upo. Wiki inatosha nikijipanga.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa kwanza: kuuliza msomi. Longino, mpangaji wa chumba cha mbele, Mhaya, mwalimu wa fizikia. Alikaa seminari miaka mingi, akatoka na vitabu tu, bila upadri na bila imani. Nilimkuta anapiga pasi. Nikamuuliza Mungu yupo au hayupo. Akasema, Mama Kulwa, shati litaungua.

Nikambana. Akasema kuna hoja ya siku nyingi: ukisadiki na Mungu yupo, umepata vyote, ukisadiki na hayupo, hujapoteza kitu. Nikafurahi sana. Hoja ya mama mwenye haraka. Nikamuuliza mbona yeye hakuichukua. Akasema moyo si bomba, huwezi kuufungulia kwa sababu tu umeshika ndoo. Tena Mungu mwenye akili atamjua anayemsadiki kwa faida.

Basi mimi angenijua mlangoni.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa pili: nikupime. Bomba letu hapa mlimani lilikuwa kavu tangu wiki iliyopita. Nikasema, kama upo, maji yatoke kabla sijamaliza kumenya viazi. Nilimenya polepole ili nikupe nafasi. Yakatoka. Nilipiga magoti juu ya maganda.

Nikakimbia kumwambia Mama Bernadeta wa nyumba ya chini, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Nikamkuta anakinga. Mtaa mzima unakinga. Longino naye yupo na ndoo, anasema jana lilipita gari la matangazo, saa hii hii ilitajwa. Mama Bernadeta akamuuliza, na dereva wa gari aliamshwa na nani?

Nikaona hapo hakuna pa kutokea. Maji yakija ni wewe, yasipokuja unatupima. Longino akasema hoja isiyoweza kushindwa haiwezi kushinda pia. Mama Bernadeta akamwambia, mwalimu, ndoo yako inamwagika.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango wa tatu, huu ndio wenyewe. Nitawapambanisha Longino na Mama Bernadeta. Atakayeshinda, nitamfuata.

Jumuiya inasali kesho asubuhi kwa Mama Bernadeta. Nimemuomba zamu yake, waje kwangu. Alinitazama kwa mashaka, maana tangu msiba nimekuwa nikijificha jikoni wakipita kunichukua. Akasema sawa, ila jumuiya si mkahawa, nisijichoshe kupika. Alikuwa anakumbuka wali wangu wa Pasaka ya mwaka jana. Hakuutaja. Aliutazama tu kwa mbali.

Longino kwenye sala haji. Lakini Mhaya aliye mbali na kwao utamvuta kwa ndizi na maharage. Nimemwambia ni chakula tu. Masele anasema ninaita vita sebuleni. Nimemwambia apange viti.

Jumamosi, 13 Septemba

Walikuja. Longino alifuata harufu, akawakuta na rozari, akataka kurudi. Nikamwekea sahani. Akakaa.

Nikauliza mbele ya wote: nani anaweza kunihakikishia? Mama Bernadeta akaanza na mawe. Akaonyesha dirishani. Jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya dogo na halianguki, nani alilipanga? Longino akasema hakuna, udongo uliyafunika yote, mvua ikaupeleka ziwani, yakabaki yaliyoweza kubaki. Mama Bernadeta akauliza, mvua ya nani? Watu wakacheka. Longino mwenyewe alicheka, akaongeza ndizi.

Kisha akaweka sahani chini. Akasema, baba ana dawa mfukoni, mtoto anashindwa kupumua mbele yake, baba haitoi. Mtamwitaje baba huyo?

Swali hilo nililiuliza mimi wodini, ila bila maneno.

Bibi mmoja wa pembeni akasema Mungu alimpenda Kulwa zaidi, ndiyo maana akamchukua. Nikamuuliza, shikamoo bibi, kwa hiyo Doto hampendi sana? Bibi akanywa chai. Mama Bernadeta akasema taratibu kwamba baba huyo naye alimwona mwanawe akifa msalabani, hakujificha. Akasema hajui kama hilo ni jibu. Ndilo alilonalo.

Nilikuwa nimeanza kulia. Akaniambia, pole, Mama Doto, kaa chini. Longino akasema, kaa, Mama Kulwa, chai nitamimina mimi.

Hapo nikasimama zaidi. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wa kwanza. Kulwa alitoka wa kwanza. Tangu tumzike, jumuiya nzima inaniita Mama Doto. Najua ni huruma. Lakini nikamuuliza Mama Bernadeta: wewe unasema yuko hai mbinguni, mbona humtaji? Nikamgeukia Longino: na wewe unasema hayupo popote, mbona unamtaja?

Longino akakuna shingo. Akasema Kulwa alikuwepo, na hilo halifutwi na mtu yeyote.

Mama Bernadeta akasema imani anayo, anachokosa ni ujasiri. Na yeye alizika mtoto, Sengerema, kabla mimi sijazaliwa. Jina lake hajalitamka tangu siku ile. Akaniita Mama Kulwa, mara moja, kama mtu anayekanyaga jiwe lenye utelezi. Akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Sala ya kufunga tuliisahau. Mshindi hakupatikana. Matokeo pekee ni sufuria tupu.

Jumapili, 14 Septemba

Nililala vibaya. Niliamua nitanyamaza, liwalo na liwe. Kisha nikaamua nitajibu. Nikaamua hivyo hadi kanisani, mara hili mara lile, na Doto mgongoni.

Padri akauliza. Namkataa, nilisema vizuri kabisa. Akauliza la pili. Doto akauona mkono wa padri unakuja, akapiga yowe la kupasua paa. Mdomo wangu ulisogea. Kilichotoka sikijui.

Masele anasema nilisema Nasadiki, alinisikia. Mama Bernadeta anasema nilisema, tena mara mbili. Longino, aliyekaa karibu na mlango akidai amefuata pilau, anasema alisikia mtoto tu. Mama mkwe anasema zamani watoto hawakuwa wanalia kanisani. Nimewauliza wote hadi Masele akanisihi nile.

Kwa hiyo nimekaa mahali pale pale. Ila kosa nimeliona: mdahalo ulikuwa mdogo. Wiki ijayo namwita mchungaji wa Kilutheri na mzee wa Kisabato, pamoja na hawa wawili. Jumamosi Msabato hatakuja, Jumapili wengine hawatakuja, basi itakuwa Jumatano. Nitapika zaidi. Safari hii lazima mmoja ashinde.

Vitu ambavyo bado nahitaji unitumie:

Mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko wa juzi.

Sabuni ya mche, miwili.

Usiku mmoja wa usingizi usiokatika.

Ishara moja, lakini isiwe ya mtaa mzima. Iwe yangu.

Habari za Kulwa. Si lazima ziwe ndefu. Nataka kujua kama kuna anayembeba, maana akilazwa chini halali. Bega la kushoto ndilo analolipenda. Na afunikwe kichwa. Uso usifunikwe.