Nusu ya Bata Si Bata

Jumatatu, 6 Novemba

Mjukuu amerudi kutoka chekechea na kidude cha mkononi. Kina kioo cha kugusa, na ndani ya kioo anaishi kifaranga. Mtoto akijibu maswali upesi na kwa usahihi, kifaranga huota manyoya. Akizidi kujibu, kifaranga huwa jogoo, akawika. Eti hiyo ndiyo elimu! Nimekagua shule maisha yangu yote ya kazi na sikuona kuku darasani. (Mara moja tu. Mwalimu mkuu alipewa onyo.)

Hata hivyo. Mwalimu wao ametangaza kwamba Ijumaa, mbele ya wazazi, mtoto ambaye jogoo wake atawika ndiye atakayeongoza wimbo wa kufunga muhula. Mjukuu anautaka wimbo huo kuliko chakula. Ameuimba bafuni, sebuleni na chini ya meza.

Jioni jirani aliegemea ua. Tunamwita Mzee Koti, kwa sababu koti lake halivui hata jua liwake vipi. Akauliza kifaranga wetu yu hali gani. Nikasema ana manyoya machache. Akasema pole sana, bwana mkaguzi. Wa mjukuu wake tayari ana mkia.

Mkia!

Jumanne, 7 Novemba

Binti yangu, kabla ya kwenda hospitalini kazini, ameniomba nisikiguse kidude. Eti, Baba, kinampima anayecheza, na akikosea kinamrudisha nyuma. Nimemjibu kwamba mimi nimepima watu tangu yeye hajazaliwa.

Mchana mjukuu alilala. Nikakichukua. Nia njema kabisa: kumsogeza mbele kidogo.

Swali la kwanza: gusa duara jekundu. Nililichunguza. Halikuwa jekundu, lilikuwa la rangi ya chungwa. Nikangoja lisahihishwe. Kidude kikasema, kwa sauti ya mwanamke mchangamfu, "Jaribu tena, rafiki mdogo!"

Mimi! Rafiki mdogo!

Swali la pili: bata wangapi wako bwawani? Wanne, na mmoja amejificha nusu nyuma ya majani. Nusu ya bata si bata. Nikagusa nne. Jaribu tena, rafiki mdogo. Nikagusa nne kwa nguvu zaidi. Baadaye kidole gumba changu, ambacho ni kipana, kikagusa ndizi na kiatu kwa pamoja.

Kifaranga amepukutika manyoya. Nadhani ni msimu.

Jumatano, 8 Novemba

Nimecheza tena ili kurekebisha. Kidude hakiniulizi hesabu tena. Kinauliza yupi mkubwa, tembo au panya. Panya alikuwa amechorwa karibu, tembo yuko mbali mlimani. Nilipima kwa rula. Panya alikuwa mkubwa, tena kwa wazi. Nikamgusa panya.

Kifaranga akafumba macho, akajikunja, akawa yai.

Yai!

Mjukuu alipoamka nilimwambia kifaranga amepumzika. Akanitazama. Akasema, Babu, kuku harudi ndani ya yai. Hakulia. Afadhali angelia. Akaenda kukaa chini ya meza, na leo hakuimba.

Mke wangu akauliza ni nani aliyekichezea. Nikasema umeme wa siku hizi si wa kuaminika. Akasema ndiyo, hasa ule wenye ndevu.

Mzee Koti hakuja kwenye ua leo. Anaringa. Bila shaka jogoo wake anawika huko ndani.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepata dawa. Vidude vyote vya chekechea vinafanana. Hutambuliwa kwa kibandiko cha mgongoni. Chetu kina nyota. Cha mjukuu wa Mzee Koti kina gari. Nani atakumbuka zaidi ya hapo?

Mjukuu ameshinda chini ya meza na kidude tangu arudi. Kila nilipoinama kuchungulia, alikikumbatia. Mke wangu akaniambia nimwache mtoto. Nikamwacha, nilikuwa na mambo mazito zaidi.

Jioni, mtoto alipokuwa akioga, nikakitia kidude mfukoni, kikiwa kimezimwa, nikaenda kwa Mzee Koti kuazima ngazi. Chao kilikuwa dirishani, kimezimwa pia. Mwenyewe alipokwenda nyuma ya nyumba, nikabandua, nikabandika, nikabeba chao na kuacha chetu. Kazi safi! Nimerudi na ngazi nisiyoihitaji na jogoo tunayemhitaji.

Mzee Koti hakunitazama usoni. Kiburi tu.

Ijumaa, 10 Novemba

Ukumbi wa chekechea. Viti vya watoto. Magoti yangu karibu na masikio. Mwalimu akawaambia watoto wawashe.

Cha mjukuu wangu: yai. Nikafuta miwani. Yai!

Cha mjukuu wa Mzee Koti: jogoo mzima, mkia umefunguka kama feni. Akawika. Kisha akajitambulisha, maana kila mtoto hurekodi jina la kuku wake siku ya kwanza. "Mimi naitwa Babu!" Sauti ilikuwa ya mjukuu wangu. Ukumbi wote uliisikia.

Mjukuu akasimama bila haraka. Akamweleza mwalimu kwamba Babu ni wake. Alimkuza jana chini ya meza, Bibi ni shahidi, na alitaka kumfurahisha yule Babu mwingine. Mwalimu akakigeuza kidude. Kibandiko kilikuwa kimekaa upande. Akauliza, basi yai ni la nani?

Mjukuu wa Mzee Koti akasema ni lake. Alikuwa na jogoo, akasema, mpaka babu yake alipoanza kumsaidia.

Wazazi walicheka mpaka viti vikalia. Mzee Koti akafunga vifungo vyote vya koti. Mimi nilikagua dari.

Mjukuu akaongoza wimbo. Aliuimba wote, hata ubeti ambao mwalimu aliusahau. Njiani alinishika kidole gumba, akakigeuzageuza, akasema si kosa langu, ni kinene tu.

Nikafuta miwani tena. Vumbi lilikuwa jingi.

Jumamosi, 11 Novemba

Nimemwahidi binti yangu kwamba sitakigusa tena. Nimemaanisha. Mzee Koti naye ameahidi kwao. Tumepeana mikono juu ya ua, nikamrudishia ngazi. Tukakubaliana kwamba mambo haya ni ya watoto.

Alipokuwa akiondoka akadokeza kwamba wale bata bwawani ni watano. Nikasema ni wanne. Akasema ndiyo maana nilipata yai. Nikamuuliza lake alilipataje. Akaenda zake. Mtu mzima, na bado anahesabu nusu ya bata!

Mjukuu amelala. Kidude kiko mezani. Huku si kucheza. Ni kuthibitisha tu, ili nimwoneshe. Nimewatafuta bata, nimewapata. Nimegusa nne.

Babu amepukutika mkia. Nadhani ni msimu.