Malalamiko Kuhusu Nyonga Zangu Mbili Zilizogoma Kabla ya Ndoa ya Mjukuu

Ng'ambo, Tabora
Jumatatu asubuhi

Kwa Daktari Levina Masolwa,
Kliniki ya Misuli na Viungo

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

Baada ya salamu, na baada ya kukukumbusha kwamba ni mimi niliyekufundisha historia darasa la sita, naandika kulalamika rasmi. Ninaandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji, maana nikikaa sina hakika ya kuinuka kabla ya adhuhuri.

Uliniambia askari wa mwili wangu wamechanganyikiwa na wanaishambulia misuli ya mwenyeji wao. Ukanipa predinisoloni, kisha ukasema tuanze kuipunguza. Nilikuelewa vizuri na nimewaeleza majirani wote, hata wasiouliza: juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza dawa ya namna hiyohiyo, zikiona vidonge vinaingia kila asubuhi, zinalala kama karani aliyeletewa msaidizi. Vidonge vikishushwa taratibu, karani anaamka. Karani wangu, Daktari, hajaamka. Zilizoamka ni nyonga, na zimeamka na hasira. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kutoka kulala hadi kusimama ninatumia taarifa ya habari nzima, pamoja na michezo na hali ya hewa. Soksi ananivalisha mke wangu, Kuluthumu, na kila siku ananikumbusha kwamba siku tuliyooana hakuahidi soksi. Kuhusu choo chetu cha kuchuchumaa sitaandika, kwa kuwa wewe ni mwanangu. Nitasema tu kwamba kuna kamba imefungwa kwenye kenchi ya paa, na kenchi nayo imeanza kulia.

2. Vidonge vilipokuwa vingi nilikuwa mtu mwingine. Nilikula sahani mbili za ugali kwa mlenda wa karanga, nikapanda juu ya bati kuziba tundu, nikambishia imamu hesabu ya mirathi mpaka akaomba maji. Ulinipa baiskeli, Daktari. Sasa kila nikigeuka umechukua kipande. Jana kengele, leo tandiko.

3. Msikitini nimepewa kiti, nyuma, pamoja na wazee wenzangu wa viti, ambao mazungumzo yao yote ni sukari na mkojo. Baada ya wiki mbili ninajua mikojo ya watu ambao hata majina yao siyajui.

4. Hili ndilo kubwa. Ijumaa hii mjukuu wangu Shamimu anaolewa. Baba yake, mwanangu Omari, alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii ni mimi. Walii anakaa mkekani uso kwa uso na bwana harusi, anamshika mkono, anamwozesha. Maneno hayo ninayafanyia mazoezi moyoni tangu Shamimu ana miaka minne, tangu siku tuliporudi kutoka makaburini kumzika baba yake. Sasa, bwana harusi ni Mzaramo wa Bagamoyo, yaani mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi babu zetu walipowapelekea pembe za ndovu mabegani. Na mtani, kama nilivyokufundisha, hakasirikiwi wala hakataliwi. Jamaa zake wameshuka stesheni jana. Wamepita njia ileile ya misafara, ila wao wameipita wamekaa; ndiyo maana nyonga zao zinajua kukaa. Ami yake, Bwana Mwinshehe, alinikuta ninajaribu mkeka. Nilikuwa nimefika nusu, nimekwama kama mlango wa masika. Akasema mbele ya wakwe wote: "We Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe mpaka kwetu, wewe unashindwa kubeba makalio mpaka chini?" Kisha akatoa hukumu: nisipofika mkekani siku ya Ijumaa, watanifunga kwenye mti mrefu kama pembe, wautie mabegani, wanizungushe Ng'ambo yote wakiimba. Mti umeshapatikana. Mke wangu ameulizwa uzito wangu, naye ameutaja.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Unirudishie vidonge vyote mpaka Ijumaa saa tisa. Ikishindikana, nipatie barua yenye muhuri, inayowatangazia watani kwamba nyonga hizi Serikali imezipiga marufuku kukunjwa. Ikishindikana, uje mwenyewe ukae nyuma yangu, na sheikh akisema "mshike mkono", unisukume. Na hilo nalo likishindikana, nyonga zangu ziandikishwe kuwa kumbukumbu ya njia ya misafara, ziwekewe kibao na uzio, ili atakayenifunga kwenye mti ashitakiwe kwa kuhamisha mali ya kale bila kibali.

Nisalimie muuguzi Eustadia, umwambie mkono alioupima presha bado unakunjika. Nisalimie pia mzee wa getini, yule wa dirisha la dawa, na wagonjwa wote wa lile benchi fupi, hasa wale wanaofanikiwa kulifikia.

Ninabaki nimesimama, kwa heshima na kwa kukosa njia nyingine,

Mwalimu Nurdini Majidi (mstaafu)

Tanbihi: Kuluthumu alikwenda kutafuta bahasha, akarudi na kadi yangu ya kliniki, akanisomea polepole kama anayesomea darasa la kwanza. Imeandikwa, kwa mwandiko wako, nipunguze kidonge kimoja kila mwezi. Mimi nimekuwa nikipunguza kimoja kila wiki. Kwa agizo lako, sasa ningekuwa kwenye vidonge saba kwa siku. Mimi nimeshafika viwili. Sikukosea kusoma. Vidonge vilinivimbisha uso ukawa boga, nami nilitaka uso wangu wa zamani uonekane kwenye picha za ndoa. Nikajiambia mjukuu wa mpagazi hasimami kulala kwenye kila kituo. Kwa hiyo futa namba ya kwanza hadi ya nne. Kesho asubuhi nitakuja unipangie upya. Ijumaa, Kuluthumu ameshaamua, mimi na bwana harusi tutakaa kwenye viti, kwa kuwa Shamimu anaozeshwa kwa mkono, si kwa makalio. Nimekubali. Ila Mwinshehe asisikie habari za kadi. Akisikia, atataka isomwe kabla ya khutba ya nikaha.