Simu ya Roshani na Mvinyo wa Kaheti

Jumapili, tarehe 1 Oktoba

Mdomo wangu huu! Ungekuwa jogoo ningeuchinja.

Saa moja jioni nilitoka roshanini kuongea na Tornike, kama kila Jumapili. Simu sikioni, sauti juu. Nimekula, mwanangu. Ndiyo, na supu. Wewe je, umevaa soksi za sufu? Huko Kaheti asubuhi kuna baridi, usinidanganye. Kisha kimya kidogo, na yeye apate kusema. Kisha nacheka. Kucheka ndiko kugumu, lakini nimezoea.

Kwenye simu hakuna mtu. Naandika humu kwa sababu hakuna anayelisoma daftari hili. Ni la Tornike la hesabu la darasa la sita, kurasa za nyuma zilibaki tupu. Mwanangu hajanipigia huu mwaka wa pili. Lakini uani kwetu hapa Kutaisi kila mtu anajua hupiga kila Jumapili. Wakijua vingine nitapitaje pale mlangoni?

Zhuzhuna wa chini alikuwa anaanika shuka. Jumapili zote jioni, shuka zile zile za maua. Nani anafua Jumapili jioni? Hana mpangilio, maskini. Akauliza kijana anasemaje. Ningejibu hajambo, ningeingia ndani, basi. Hapana! Nikasema ati anatualika sote huko Kaheti kwenye mizabibu anakofanya kazi, tuonje mvinyo, zabibu ndiyo zinavunwa, tutalala huko, tutakula nyama ya kuchoma.

Zhuzhuna akaangusha vibanio. Ijumaa, shoga! Mpwa wake Otia ana gari. Lamara akachungulia kwenye dirisha lake akasema na yeye yumo, mvinyo wa Kaheti ni dawa ya damu.

Nyama ya kuchoma! Nani aliniuliza habari za nyama?

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Mpango wa kwanza: kuugua. Nilichagua mgongo. Mgongo hauna ushahidi.

Nilisahau jambo moja. Lamara alikuwa muuguzi miaka thelathini. Alikuja na pamba, spiriti, kiberiti na zile glasi zake za kuumikia. Nikamwambia ni maumivu madogo tu. Akasema madogo ndiyo huua. Zhuzhuna akanishika miguu. Wakanibandika glasi moto mgongoni, moja, mbili, tatu, huku wakiongea juu yangu habari za bei ya jibini kama vile mimi ni meza. Lamara anauliza, bado? Nasema bado. Anaongeza nyingine. Kwenye ya kumi na mbili nikapona. Nikaruka!

Zhuzhuna akaniangalia mgongo akasema nafanana na mkate uliookwa na mlevi. Lamara akasema ndiyo hivyo, Ijumaa utacheza ngoma.

Walicheka mpaka mlangoni. Wakateremka ngazi, nikasikia milango yao inafungwa, mmoja, halafu wa pili. Chumba kikawa kimya. Nilitamani niugue tena.

Alhamisi, tarehe 5 Oktoba

Mpango wa pili, huu wa akili. Nimempelekea Otia mkate wa jibini, ule mnene, bado unatoa moshi. Nimemwambia asitufikishe kwa Tornike. Huko Kaheti mashamba ya mizabibu ni mengi, atupeleke popote. Mimi nitasema Tornike ametumwa Tbilisi ghafla na tajiri wake. Otia akatafuna akasema sawa shangazi, halali kabisa. Ana macho ya uaminifu kijana yule.

Siogopi safari. Naogopa uso wake. Akinigeuzia mgongo mbele ya Zhuzhuna na Lamara, sitakuwa tena na mwana, hata yule wa roshani.

Kosa langu lilikuwa moja tu, na nia ilikuwa njema. Tornike alipozaliwa, marehemu mume wangu Guram alijaza mtungi mvinyo, akaufukia hapo uani, ufunguliwe siku ya harusi ya kijana. Akaufunika kwa jiwe, akasema mimi sitakuwepo, lakini mvinyo utakuwepo. Nikamwambia acha maneno mabaya. Hakuwepo kweli.

Miaka ikaenda, kijana haoi. Ndipo nikampata Maka, binti wa mwenye duka la dawa kule Zestaponi. Mtulivu, anajua kukanda unga. Nikawaambia wazazi wake kwamba Tornike amekubali. Tornike alikuwa hajamsikia hata jina, lakini hilo ni dogo, watu huzoeana. Wakaja na nguruwe mdogo wa kuoka na shangazi wanne. Ili mambo yanoge nikaufungua mtungi.

Tornike akarudi kutoka kazini akakuta watu wako kwenye glasi ya tatu, wanaitakia heri ndoa yake. Hakumtazama Maka. Alitazama shimo. Akauliza nani amefungua. Nikasema mvinyo ni mvinyo tu, baba. Kesho yake asubuhi akaenda Kaheti.

Nilibakiza chupa moja ya lita tatu, nikaiziba kwa nta. Nimeifunga ndani ya sweta. Sijui naipeleka ya nini, maana kwa mpango wangu hatutamwona.

Ijumaa, tarehe 6 Oktoba

Otia ni nyoka! Tena nyoka aliyeshiba mkate wangu.

Njia nzima nilikuwa na amani. Pale mji wa Surami tulinunua ile mikate yao mitamu, Zhuzhuna akala mitatu, akasema wa nne ni wa Tornike. Nikasema inasikitisha, ametumwa Tbilisi. Zhuzhuna akasema aa, pole, akaendelea kutafuna. Lamara akatazama nje dirishani. Nikafikiri, mbona wamekubali upesi hivi?

Tulipita milima, tukashuka bondeni, mizabibu pande zote. Gari likaingia kwenye lango moja lenye kuta za mawe. Na pale uani, amevaa aproni, jagi mkononi, amesimama mwanangu.

Amekonda! Hakuna anayempikia.

Otia akasema samahani shangazi, usukani umevuta wenyewe. Zhuzhuna akamwambia paki vizuri. Nikanyakua miwani ya Lamara na kitambaa cha Zhuzhuna, nikajichanganya na wageni wa kutoka Ujerumani. Miwani ile ya Lamara ni ya kusomea. Niliona ukungu na pua tu.

Tornike alikuwa anawaeleza wageni jinsi zabibu zinavyolala mtungini na maganda yake miezi sita, mpaka mvinyo unakuwa na rangi ya kaharabu. Sauti ya Guram kabisa. Wageni wananusa, wanasukasuka glasi, wanasuuza mdomo, halafu wanatema kwenye ndoo. Wanatema! Mtu amefukia mvinyo wake kama mtoto kitandani, wewe unautema mbele yake? Niliona haya kwa niaba ya mama zao.

Akafika kwangu. Akamimina. Nikainamisha kichwa, nikasema ahsante kwa sauti nene ya kiume. Akaliweka jagi chini. Kisha akasema taratibu:

“Mama, miwani hiyo si yako.”

Wajerumani wakapiga makofi. Sijui walidhani ni sehemu ya onyesho.

Hakunikumbatia. Hakunigeuzia mgongo pia. Alichukua begi langu, akasema kazi inaisha saa kumi na mbili, akarudi kwa wageni wake. Alivyolibeba ni kama anavyobeba la kila mgeni.

Jioni tulikaa mezani, tajiri wake akiwa mkuu wa meza, ndiye anayeongoza maneno ya heri kabla ya kila glasi. Mtu mnene, mchangamfu. Akatutania ati mvinyo wetu sisi wa magharibi ya nchi ni wa kuoshea miguu. Zhuzhuna akamjibu kwamba ndiyo maana miguu yetu ni mizuri, wewe onyesha yako. Walicheka. Tuliwatakia heri wenyeji, kisha tukawakumbuka marehemu. Ikafika zamu ya akina mama. Mkuu wa meza akampa Tornike neno.

Nilishika kitambaa cha meza. Akasimama, hakunitazama. Akasema: “Kwa mama zetu, walio mbali na walio karibu.” Akanywa, akakaa.

Nikahesabu. Maneno manane. Kwa miezi tisa ya mimba!

Lamara akanigusa goti chini ya meza. Nikamwambia ni vitunguu.

Jumamosi, tarehe 7 Oktoba

Asubuhi nilimfuata ghalani na sweta langu. Midomo ya mitungi iko sakafuni sawasawa na ardhi, nilitembea kwa kuogopa kutumbukia. Alikuwa amepiga magoti, anasugua mtungi mtupu.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba tangu Kutaisi. Ina samahani mbili ndani yake. Badala yake nikamwambia sakafu hii ni ya baridi, utaharibu magoti.

Akauliza kuna nini ndani ya sweta.

Nikafungua. Aliijua chupa ile bila kuambiwa. Akabandua nta kwa kisu, polepole. Harufu ikatoka. Sina elimu ya mvinyo, lakini pua ninayo. Ilikuwa siki. Miaka miwili kwenye chupa yenye nta mbovu, nta ya mshumaa wa kanisani niliyoyeyusha mwenyewe. Miaka ishirini na tisa ardhini mvinyo wa Guram haukuharibika. Mimi nimeuharibu kwa miwili!

Akamimina kidogo kwenye glasi. Akaitazama kwenye mwanga. Akanywa. Machozi yakamtoka, siki kali ile. Ndoo ya kutemea ilikuwa hapo miguuni pake. Nikamwambia tema, baba, tema, itakuunguza tumbo.

Akameza.

Akaweka glasi chini. Kisha akasema ni siki nzuri, mama. Ataitia kwenye maharage. Kidogo kidogo, idumu.

Nikalia. Akanipangusa kwa aproni, imejaa maganda ya zabibu. Akauliza mgongo umepona ule moto wa glasi? Nikasema umepona. Akasema atanipigia kesho, saa moja, si ndiyo saa yangu? Nikasema ndiyo.

Tulipofika njiani ndipo nikashtuka. Nani alimwambia habari za glasi? Na saa moja ameijuaje?

Nikamgeukia Zhuzhuna. Akasema bila haya kwamba Tornike humpigia yeye kila Jumapili saa mbili, kuuliza kama nimekula. Tangu wiki ya kwanza alipoondoka, na Jumanne hii alimpigia yeye mwenyewe, habari za glasi. Na huwa anamwambia nini? Anamwambia nimekula. Na supu.

Mwaka wa pili! Niliandaa maneno makali ya kumwambia, makali sana. Lakini alikuwa ameshalala begani kwangu mdomo wazi, na gari lilikuwa linatikisika, nikamshikilia kichwa kisigonge kioo. Nitamwambia Krismasi.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Nimejifunza. Sidanganyi tena. Nilisema hivyo kanisani asubuhi, na mshumaa niliwasha, mzima, sikuuyeyusha.

Lakini ilipofika saa moja kasoro dakika kumi nikaanza kuzunguka chumbani. Asipopiga je? Watu wangeniona nimesimama na simu mkononi nasubiri. Zhuzhuna anajua, sawa. Lamara huenda anajua. Lakini wa ghorofa ya juu hawajui! Nikasema niongee kidogo tu, kupitisha muda.

Nikatoka roshanini. Nimekula, mwanangu. Wewe je? Magoti yanaendeleaje? Usipige magoti kwenye sakafu ile. Na pale kazini nilimwona msichana mmoja anayeosha glasi, mikono yake mizuri, ni wa kwa nani? Nauliza tu. Kimya kidogo. Nikacheka. Leo kicheko kilitoka vizuri.

Simu ikalia sikioni mwangu!

Uani kote walisikia. Nilishtuka, ikaniponyoka, ikaanguka ghorofa nzima mpaka kwenye beseni la Zhuzhuna. Nikapiga kelele, imekufa, imezama! Haikuzama. Shuka zilikuwa kavu kabisa. Anaanika shuka kavu mwanamke huyu! Sasa nimehakikisha kwamba hajui kufua.

Akaipokea yeye. Nikamsikia anamwambia ngoja, baba, mama anakuja, alikuwa anaongea na wewe. Kisha akanipigia kelele Tsiala we, teremka, huyu wa sasa anajibu! Wa ghorofa ya juu wakacheka. Lamara akacheka mpaka akakohoa.

Nikashuka ngazi bila viatu. Tornike akauliza mbona sikupokea upesi. Nikamwambia laini ilikuwa na mtu. Siku hizi hunipigia wengi. Akauliza akina nani. Nikasema marafiki, wa huku na huku.

Akasema vizuri, mama. Akasema amechoka, kesho wanavuna mapema. Nikamwambia avae sweta. Dakika nne, nilitazama. Nilikuwa bado sijamuuliza la msichana, wala kama maharage yalikolea siki.

Simlaumu. Ana kazi. Lakini yule wa roshani hana haraka, husikiliza mpaka mwisho. Jumapili ijayo nitatoka saa kumi na mbili na nusu, niongee na yule kwanza.