Vita vya Nalangu wa Kakesio na Okei ya Dereva

Jikusanyeni, enyi watu wa Karatu, nanyi mchungao ng'ombe kutoka Endulen hata Kakesio. Tueni mizigo, zimeni redio, mpate kusikia jinsi Nalangu mwenye shanga zinazolia akitembea alivyopigana na neno moja la Kiingereza, akalishinda, akaketi kiti cha mbele cha Landrova! Wako waliopambana na simba wakasifiwa. Lakini simba hunguruma, na mtu hujua anachotaka. Adui wa Nalangu alitabasamu.

Katika miaka ile dizeli ilikuwa adimu, na gari kupita ukingoni mwa kreta lilikuwa jambo la kusimuliwa. Ndipo Nashipai, binti wa Nalangu, alipojifungua mtoto wa kiume kwa mumewe mjini Karatu, akaapa kwamba mtoto hatanyolewa nywele za kuzaliwa wala kupewa jina mpaka mama yake afike kumtemea mate ya baraka. Wakwe wakaanza kununa. "Bibi akizidi kuchelewa," walituma salamu, "jina tutatoa wenyewe, na wembe tunao." Moyo wa Nalangu ukawaka. Akabeba kibuyu cha maziwa, akatembea kutoka Kakesio hata ukingoni, akafikia kwa dada yake Nasha, kando ya barabara.

Hapo ndipo alipopita kila asubuhi Hasani, dereva wa hoteli ya watalii, akishuka Karatu kuchukua mikate. Hasani, mwana wa mwenye duka, mvaa miwani ya jua hata katika ukungu! Kiswahili alikuwa nacho tele. Lakini tangu aanze kuendesha wazungu alikifungia kabatini, akabaki na neno moja tu.

"Mwanangu, kesho unipeleke Karatu," Nalangu alimwomba.

"Okei, yeyo," akajibu Hasani, akimwita mama kwa Kimaasai.

Nalangu akalala kwa amani, maana kwao mtu akishasema ayia, yaani nimekubali, amejifunga. Asubuhi Landrova ikampita mbio, ikamwachia vumbi. Akaomba tena, akapewa okei nyingine, akala vumbi jingine.

Basi yule mama hakulia. Aliketi karibu na geti la hoteli akalifuatilia lile neno kama mtu anayefuata nyayo za ndama aliyepotea. Alimsikia Hasani akimwambia mzungu aliyeona kifaru, na mzungu aliyetapika, neno lile lile. Akatambua kwamba okei si neno, ni kabila zima lenye koo nyingi. Iko okei fupi ya kumpa mkubwa, ambayo ni sawa, ndiyo, barabara kabisa. Iko ya kuinua kidole gumba: safi, poa, freshi. Iko ya kuvutwa, okeeei, yaani haya, nimesikia, niondokee. Iko anayopewa meneja anapogomba, na hiyo ni ya kumeza tusi. Na iko ile aliyopewa yeye, iliyosemwa huku mguu umeshakanyaga mafuta. Hiyo ilikuwa hapana iliyotiwa sukari. Nalangu alikasirika kweli. Angetukanwa waziwazi, angepona upesi.

"Nasha, dada yangu!" alitangaza, fimbo juu. "Simwombi tena mtu huyu! Neno lake halina mlango, basi nitapitia kwenye adabu yake. Amezaliwa na watu, amefundishwa salamu. Kesho namlisha habari!"

Na kulisha habari, kwa asiyejua, ni desturi ya wafugaji wakutanapo: mmoja husimulia yote yaliyompata, mwenzake huitikia kila kituo, na kila anayeitikia ameomba aongezewe. Kuondoka kabla habari hazijaisha ni utovu wa adabu usiosameheka.

Kulipokucha, jeshi likapangwa. Ng'ombe wa Nasha walijaza barabara, pembe kwa pembe, na Landrova ikasimama ikitetemeka. Nalangu akasogea dirishani.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, yeyo."

"Marahaba. Basi huko Kakesio mvua ikachelewa."

"Okei," akasema Hasani, mkono kwenye gia. Ole wake! Alikuwa ameitikia.

"Ikachelewa, tukahamisha ndama."

"Okei."

"Ndama mmoja, yule wa madoa, akaugua." Nalangu akafungua mlango, kama mtu anayesogea ili asikike vizuri.

"Okei, lakini..."

"Akaugua mguu wa nyuma." Akaketi, kibuyu mapajani. Nasha akawaondoa ng'ombe.

"Yeyo, teremka tafadhali!" Hasani alilalamika. "Gari ni la hoteli, sina ruhusa ya kubeba abiria!"

"Abiria yuko wapi? Mimi natoa habari. Au unaniambia, mama mzima kama mimi, ninyamaze ndama akiwa mgonjwa?"

Hasani alitazama barabara, akamtazama mama. Kumwacha mtu njiani aliweza; kumkatiza mkubwa katikati ya salamu, mbele ya Nasha ambaye angeieneza habari hiyo kila boma, hakuweza. Akatia gia.

Ndama yule aliugua mpaka geti la Lodoare. Alichemshiwa dawa msituni, akasimama kwa shida penye mashamba ya kahawa, na alipoanza kunyonya, Landrova ilikuwa imelipita duka la mikate na kusimama mlangoni kwa Nashipai, mtoto akiwa bado na nywele zake zote.

Nalangu alimtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, akamwita Sakaya kabla mkwe yeyote hajafungua mdomo. Kisha akalia kwa furaha, wala hakuficha. Na iandikwe hivyo!

Hasani alikuwa ananyemelea gari.

"Wewe, unakwenda wapi?" akaita Nalangu. "Zangu zimeisha. Lete zako."

"Sina habari, yeyo. Okei tu."

Nalangu akavuta kigoda, akaketi, akangoja. Hasani akazungusha funguo kidoleni, akavua miwani.

"Mke wangu Kuluthumu amerudi kwao," akasema. "Tangu Ramadhani."

"Ee," akaitikia Nalangu.

"Anasema kila akiniuliza jambo, namjibu neno moja."

"Ee."

Naye Hasani akaketi chini, akasimulia mpaka jua likazama. Usiku ule, enyi wasikilizaji, wazungu wa hotelini walikunywa supu bila mkate, na meneja hajui sababu mpaka leo.