Kivuli Kilichovuka Mpaka

Idara ya Vivuli iliwatangazia wananchi wote, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia Jumatatu kila kivuli kitakaa ndani ya kiwanja cha mwenyewe. Uholela ulikuwa umezidi. Katika mji ambao mvua huja kama mgeni aliyepotea njia, watu walikuwa wanajikinga na jua bila mpangilio, huyu na pazia lake, yule na mkeka wake juu ya paa. Nchi haiendeshwi hivyo.

Mshona maturubai alilisikia tangazo akiwa kwenye cherehani, akacheka. Alikuwa amemsimamishia mama yake turubai juu ya nguzo nne, pembeni ya chumba cha mabati ambacho ikifika saa nne asubuhi hakikaliki. Kifua cha bibi huyo kilikuwa kibovu. Daktari alishasema wazi: akishinda kwenye lile joto, watamzika.

Mpima vivuli alifika saa kumi jioni na futi kamba yake. Alikuwa mtu mwadilifu, wa kuandika alichokikuta.

"Mama," alimwambia bibi aliyeketi mkekani, "kivuli chako kimeingia barabarani hatua mbili."

"Asubuhi kilikuwa uani, baba. Jua likisogea, nacho kinasogea."

"Ya asubuhi siyajui. Napima nilichokikuta."

"Sasa nikifanyeje?"

"Kitulize. Una siku saba."

Siku saba zilipita na kivuli, kwa ukaidi wa kusikitisha, hakikutulia. Ya nane Mkurugenzi wa Idara alikuja mwenyewe, saa sita mchana, na suti ya sufu na hotuba ya kurasa kumi na mbili, kushuhudia turubai likishushwa. Liliposhushwa, binti mshona maturubai alimwingiza mama yake chumbani, akawa anampepea kwa kipande cha boksi. Bibi alihema kwa shida. Binti yake alimchukia Mkurugenzi kwa moyo wote, wala hakuona haya.

Nje, hotuba ilikuwa imefika ukurasa wa nne, "Nidhamu ya Kivuli na Maendeleo," Mkurugenzi alipoanza kuyumba. Gari lenye kiyoyozi lilikuwa limemfuata mkewe saluni.

"Kivuli," alisema.

"Kinaombwa kwa barua, Mheshimiwa," mpima akamkumbusha. "Majibu ni baada ya siku kumi na nne."

"Rudisheni hilo turubai."

Likarudishwa mbio mbio. Binti akamtoa mama yake, na Mkurugenzi akapewa kigoda kando ya mkeka, maana mgeni ni mgeni hata akija kukubomolea. Alivua koti, akavua viatu, akanywa maji vikombe vitatu, akasinzia. Kila kivuli kiliposogea, naye alikokota kigoda bila kufumbua macho.

Saa kumi alishtushwa na futi kamba kwenye kisigino. Kigoda, Mkurugenzi na soksi zake vilikuwa barabarani.

"Unapima nini wewe?"

"Nilichokikuta, Mheshimiwa. Hatua mbili na nusu." Mpima akachana karatasi ya onyo kutoka kwenye kitabu chake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mkurugenzi aliisoma, akatazama huku na huku. Mtaa mzima ulikuwa unawaka.

"Sasa nihamie wapi? Kote huko ni jua tupu."

Bibi alijinyoosha kwenye mkeka wake, upande wa uani. Pumzi ilikuwa imemrudia.

"Jitulize, mwanangu," alisema. "Una siku saba."

Hakuzimaliza. Kesho yake Idara iliwatangazia wananchi, kwa heshima na taadhima ile ile, kwamba vivuli vimeonyesha nidhamu ya kuridhisha na sasa vinaruhusiwa kutembea.